Skripti Iagize, Programu Itende: Kasi Katika Upangaji wa Kurasa kwa Kompyuta

Mjadala kuhusu skripti katika upangaji wa vitabu hukwama mara nyingi kwenye suala la lugha. Watumiaji wa programu ya InDesign hubishania JavaScript, AppleScript ya Mac na VBScript ya Windows, huku wenzao wa programu ya Scribus wakiisifia Python. Makala hii inadai kwamba kasi hutegemea zaidi idadi ya safari ambazo skripti inazifanya kwenda ndani ya programu na kurudi. ExtendScript, ile JavaScript kongwe ya InDesign, imejengwa juu ya kanuni za 1999, lakini ikiandikwa kwa akili humaliza hati ndefu upesi.

Tuchukue kitabu cha kiada kilichoandikwa na watu kadhaa, kila mmoja akiipiga chapa ng’ kwa namna yake: huyu kaweka alama iliyonyooka, yule iliyopinda, mwingine iliyopindia upande usio wake. Wazo la kwanza la wengi ni kupitia neno moja moja: soma, kagua, badilisha, songa mbele. Hapo kila neno ni safari, na kila badiliko laweza kuilazimu programu ipange mistari upya na kuuchora ukurasa upya. Njia nyepesi ni kuiachia InDesign kazi hiyo kwa utafutaji wa GREP, yaani wa kutumia ruwaza za herufi, uliomo tangu toleo la CS3 la 2007: popote penye ng, kisha alama yoyote kati ya hizo, kisha irabu au w, weka alama sahihi. Agizo ni moja kwa hati nzima. Sharti la herufi inayofuata si pambo. Bila hilo, hata ‘Beijing’ ndani ya alama za nukuu lingeguswa. Pale GREP isipofaa, amri ya everyItem hukusanya matini ya aya zote kwa ombi moja, na uchoraji wa skrini waweza kuzimwa hadi kazi iishe. Scribus nayo ina amri ya setRedraw kwa kazi hiyohiyo ya kuzima uchoraji.

Wapo watakaosema kwamba mchapishaji mdogo hana kazi za kutosha kulipia muda wa kuandika skripti. Ni kweli iwapo miswada yake haina mitindo ya aya, maana kichwa kilichokozwa kwa mkono, bila jina la mtindo, skripti haikitambui. Hapo gharama ni ya nidhamu ya uhariri, ambayo ingehitajika hata bila skripti. Hoja nzito zaidi ni kwamba agizo la jumla hukosea kwa jumla. Naam, ila kosa la skripti hufuata kanuni, kwa hiyo hufuatilika. La mkono uliochoka hutawanyika ovyo. Skripti iendeshwe kwanza kwenye nakala, mabadiliko yote yafungwe kuwa hatua moja ya kutendua, na iandike orodha ya maneno iliyoyagusa, bila marudio, ili mhariri aisome. Maneno ya Kiswahili yenye ng’ si mengi. Orodha hiyo haitamchosha.