Kingalu, Mzungu na Swali la Mtego

(Mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea na vijana wa mjini Morogoro)

Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa mwaka 2021, mnalijua wote. Lakini nani aliwahi kumfanya Kingalu mtawala juu ya koo nyingine za Waluguru?

Msikimbilie kujibu. Waluguru ni watu wa koo, zipatazo 50. Mtu hufuata ukoo wa mama yake, ardhi ni ya ukoo, na kila ukoo una wazee wake. Kingalu wa Kinole alikuwa mkuu wa ukoo wake, akiheshimiwa hata na wengine kwa sababu ya dawa ya mvua. Wa upande wa magharibi walikuwa na Hega wao. Hapa mjini, karne ya 19, alitawala Kisabengo, Mzigua aliyejenga ngome. Kiti kimoja cha Uluguru nzima hakikuwapo.

Mwaka 1925 akaja Gavana Donald Cameron. Mjerumani alitawala kwa maakida na majumbe. Cameron yeye akataka kila kabila liwe na mtawala wake wa asili. Mabwana wilaya wakatumwa kumtafuta. Wakahoji wazee, wakaandika nasaba katika kitabu cha wilaya.

Mtego uko hapo, jamani. Ukimwuliza mtu mtawala wake wa asili ni nani, umeshaamua kwamba yupo. Na mzee anayehojiwa si mjinga. Anajua atakayeandikwa atapata mshahara, baraza la kuhukumu na matarishi. Nani angetaja ukoo wa jirani? Kila upande ukaja na historia yake, na mwamuzi ni mgeni wa juzi!

Jina la Kingalu hurithiwa upande wa mama, na wanaochagua ni wazee wa ukoo. Lakini kiti kilichotolewa na serikali, mwenye uwezo wa kukitwaa ni serikali. Wananchi wakawa watazamaji.

Bei yake ilionekana mwaka 1955. Serikali iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Sultani wa Waluguru wakati huo, Sabu bin Sabu, ndiye aliyepaswa kusimamia amri hiyo. Julai mwaka huo watu wa Matombo walikataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Amri ya matuta ikafa nayo. Na kumbukeni, naibu wa sultani, Patrick Kunambi, alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954. Hata ndani ya nyumba ya sultani upepo ulishageuka.

Mwaka 1963 serikali huru ikafuta madaraka ya machifu. Mshahara ukaisha, usultani ukaisha. Lakini Kinole jina la Kingalu linaendelea kurithiwa bila barua ya mkuu wa wilaya. Kilichotolewa na karatasi kiliondoka na karatasi. Kilichotolewa na watu kimebaki.

Kwa hiyo, washikaji, siku mtakapoletewa kiongozi, wa mtaa au wa taifa, msiishie kuuliza kateuliwa na nani. Ulizeni: akituudhi, nani ana uwezo wa kumwondoa? Kama jibu si ninyi, basi huyo si wenu.