MAELEZO YA FUNDI JUU YA WAYA ZA BOTI

(Yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani.)



Nimeitwa nijibu swali moja. Vijana wetu walioko ziwani, pale Kibirizi, wameomba mkopo waongeze taa mbili na pampu ya kutolea maji kwenye boti yao ya dagaa. Mbona hesabu ya waya inakaribia hesabu ya taa zenyewe? Mzee mmoja kasema, waya ni waya tu. Sivyo, mzee wangu.

Zamani dagaa walivuliwa kwa karabai. Karabai haina waya, unaitundika basi. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri, volti 12, na umeme mdogo namna hii huchoka njiani. Boti ile ni meta 8, betri iko nyuma, taa ziko mbele. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabuni meta 16. Taa zikiwa wati 60 kwa jumla, zinakula ampea 5. Weka waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, karibu volti 1 nzima inapotelea njiani. Taa zinafifia, na dagaa hafuati taa iliyofifia. Waya wa milimita mraba 4 unapoteza kama theluthi ya volti tu.

Sasa kuupitisha. Kati ya mbao za nje na za ndani, penye mbavu za boti, hata ngumi haiingii. Fundi mvivu anaulaza waya chini kabisa, pale maji yanapokusanyika. Maji yanaingia kwenye kiungo, shaba inaota kijani, umeme unapita kwa shida na kiungo kinapata moto. Mwingine anaupitisha jirani na bomba la moshi la injini! Njia yake ni juu, chini ya ukingo. Unachukua waya wa breki ya baiskeli, unausukuma ubavu hadi ubavu mpaka utokee mbele. Unafunga kamba nyembamba, unairudisha, kisha kamba ndiyo inavuta waya wenyewe uliopakwa sabuni. Mmoja anavuta, mwingine analisha, bila kushtua. Kamba ya pili inaachwa humo humo kwa ajili ya siku nyingine. Kila tundu livalishwe kipande cha tyubu kuukuu, maana injini ikitetema ubao unakata waya kama msumeno. Na waya uwe wa nyuzi nyingi. Ule mgumu wa nyumbani unakatika ndani kwa ndani bila kuonekana.

Kiungo mahali pasipofikika, hapana. Uwe mmoja mzima, na hapo ndipo bei inapopanda.

Wapo wanaosema, si waninginize taa mpya kwenye waya wa zamani? Fyuzi itakatika. Wataweka nyingine, nayo itakatika, halafu atatokea mjuaji aweke msumari. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, na hukaa karibu na betri, isizidi shibiri moja. Ukishaweka msumari, waya ndio unaowaka, usiku, petroli iko miguuni, juu ya ziwa ambalo kina chake kinafika meta 1,470. Walioko humo ni watoto wetu.

Hata Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiwa ya mvuke, ilitiwa injini za dizeli miaka ya 1970. Chombo kikuukuu kinaongezewa, si vibaya, ila kinataka njia mpya.

Kazi ni ya siku tatu. Ifanyike wakati wa mbalamwezi, taa zisipovutia dagaa na boti ikiwa ufukoni. Tukichelewa kuamua leo, tunangoja mwezi mwingine. Pampu nimeiandikia waya wake na fyuzi yake peke yake. Karatasi ya hesabu iko kwa Katibu, asiyeridhika akaisome.