MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: HADHARI KATIKA KUGEUZA NYARAKA ZA PDF



Mazungumzo haya yanahusu kazi ambayo hivi leo hufanyika takriban katika kila ofisi, nayo ni kuuchukua waraka uliohifadhiwa kwa muundo wa PDF, kuugeuza kuwa maandishi yanayoweza kurekebishwa katika kompyuta, kisha kuutumia kwa haja nyengine. Kazi hiyo huonekana nyepesi. Hata hivyo, ikifanywa bila ya hadhari huzaa madhara ambayo mtendaji hayaoni mpaka yamfikie mkulima shambani.

Mfano unaofaa uko Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Huko kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, pamoja na Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine. Tasnifu na ripoti za wataalamu wa chuo hicho huwekwa katika hazina yake ya kompyuta, nazo husomwa kwa muundo wa PDF. Wakulima wa Kinole, Mkuyuni, Tawa na Matombo hulima karafuu, mdalasini na pilipili manga, mazao yale yale yanayolimwa Unguja na Pemba. Kwa hiyo si ajabu bwana shamba wa Pemba kutaka kuuchukua ushauri ulioandikwa kwa ajili ya wakulima wa Uluguru, akaupunguza, akaurekebisha na kuugawa kwa wakulima wa kisiwani. Nia hiyo ni njema. Linalobaki ni kuijua njia.

Muundo wa PDF ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ukawa kiwango cha kimataifa. Makusudio yake yalikuwa ukurasa uonekane vile vile katika kila mashine na kila karatasi. Haukukusudiwa kurekebishwa. Mara nyingi ndani yake hamna aya wala jedwali kama mwandishi alivyozipanga. Mna maagizo ya kuiweka herufi hii mahala hapa na mstari ule mahala pale. Programu inayougeuza waraka huo hulazimika kukisia wapi aya imeanza na tarakimu ipi ni ya safu ipi. Mara nyingi hupatia, na mara nyengine hukosea bila ya kutoa onyo lolote.

Nyaraka hizo ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ile iliyotoka moja kwa moja katika kompyuta. Hiyo herufi zake zimo ndani. Ya pili ni picha ya karatasi iliyopitishwa katika skana. Ripoti za zamani zilizopigwa chapa kwa taipu, kama zile za wakati wa mpango wa matuta ya Uluguru, uliopingwa na wananchi mwaka 1955 hadi ukaachwa, zikiskaniwa huwa za aina hii. Kuzitambua ni rahisi: mtumishi ajaribu kulichagua neno moja kwa kishale cha kompyuta. Likichagulika peke yake, herufi zimo. Lisipochagulika, hiyo ni picha, na inahitaji programu ya kutambua herufi.

Utaratibu unaofaa kufuatwa ni huu:

Kwanza, mtumishi amuombe mwenye waraka nakala ya asili kabla ya kugeuza chochote. Barua moja ya maombi huokoa kazi ya siku nzima.

Pili, waraka wenye herufi ufunguliwe kwa programu ya Word ya toleo la 2013 au la baadaye, ambayo huugeuza yenyewe. Asiye na programu hiyo aweza kutumia LibreOffice, ambayo haiuzwi, kwa marekebisho madogo ya ukurasa mmoja mmoja.

Tatu, waraka wa picha usomwe kwa programu ya kutambua herufi. Tesseract ni moja ya hizo. Nayo haiuzwi, na inasoma Kiswahili. Ni lazima lugha ya Kiswahili ichaguliwe, kwani mashine iliyoachiwa Kiingereza huyasoma maneno yetu kama makosa na kuyabadilisha.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, maandishi mapya yalinganishwe na ya asili na watu wawili. Mmoja asome kwa sauti, mwengine afuatishe katika waraka wa asili. Hivyo ndivyo afanyavyo mwalimu wa chuoni amsikilizapo mwanafunzi huku macho yake yako juu ya msahafu. Makosa ya kutazamiwa yanajulikana: herufi l hugeuka tarakimu 1, herufi O hugeuka sifuri, alama ya ng' hupotea, na nukta ndogo hufutika. Tuchukulie jedwali linaloagiza mililita 1.5 za dawa kwa lita moja ya maji. Nukta ikipotea, mkulima atatia mililita 15, yaani mara kumi ya kipimo. Sentensi yenye kosa humshtua msomaji, lakini tarakimu yenye kosa haimshtui mtu. Kwa hiyo kila tarakimu ihakikiwe peke yake.

Yako mambo matatu ya kujiepusha nayo. Majalada ya watumishi na taarifa za wagonjwa yasipelekwe katika tovuti za kugeuza nyaraka bure, kwa sababu waraka huo huondoka ofisini na kwenda kwenye mashine ya mtu asiyejulikana. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina la siri lisifichwe kwa kupakwa rangi nyeusi tu, kwani mara nyingi maneno hubaki chini ya rangi na aliyepokea huweza kuyanakili. Aidha, waraka uliotiwa saini au muhuri usibadilishwe hata herufi moja, kwani kufanya hivyo kwa nia ya kudanganya ni kughushi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamuadhibu mwenye kughushi kwa kompyuta. Palipo na haja ya mabadiliko, aliyetoa waraka ndiye atoe mwengine.

Mwisho, kila maandishi yaliyogeuzwa yaandikwe chini yake yametolewa katika waraka gani, wa mwaka gani, na nani aliyeyahakiki. Nakala ya PDF ya asili ihifadhiwe pamoja nayo, ili panapotokea shaka pawe na pa kurejea. Mkulima hana njia ya kuijua nukta iliyopotea ofisini. Amana hiyo iko mikononi mwa aliyeketi mbele ya kompyuta.