Kuhamisha Barua Bila Kufunga Posta



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Nitasimulia siku moja tu.

Mwaka 2020 kampuni niliyoitumikia ilikuwa bado na Microsoft Exchange 2010, na huduma ya toleo hilo ilikuwa ikikoma Oktoba 13. Toleo la 2019 halikubali kukaa pamoja na lile la 2010, basi tukachukua la 2016. Seva mpya tuliiweka kando ya ile ya zamani, zikawa zinapokezana barua. Masanduku ya watu tukayahamisha usiku, machache machache. Mtu huendelea kuandika huku barua zake zikinakiliwa. Mwishoni huambiwa tu afunge programu na kuifungua tena.

Nikajivuna. Jumatatu nikaizima seva ya zamani. Saa nne mama mmoja wa uhasibu akaja: "Mwanangu, ankara za wateja mbona haziondoki?"

Watu niliwahesabu wote. Mashine sikuhesabu hata moja! Ile ya ankara ilikuwa bado inabisha hodi kwa anwani ya zamani. Nikaiwasha seva upesi, nikakaa wiki mbili nikisoma kumbukumbu zake nione nani mwingine anakuja. Walijitokeza watatu, mmoja wao kengele ya wezi.