Kijana na Mizani

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu wenu ameiweka redio mahali ambapo nyote mwasikia. Leo tutasema juu ya vijana na maendeleo yao. Lakini wazee wasiondoke darasani, maana kijana hakui peke yake.

Kila kijana ataka kuendelea. Ataka nyumba ya bati, ataka kuoa au kuolewa kwa heshima, ataka kuwasaidia wazazi wake. Hapa Ufipa, tangu Sumbawanga mpaka Namanyere, vijana wenye bidii si haba. Basi kama nia ipo na nguvu zipo, ni kitu gani kinachowazuia?

Vizuizi vingine havimo mikononi mwetu. Mvua ikikatika, hatuna la kufanya. Bei nayo hutushinda. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nchi za nje, na bei katika mikoa yetu ya kusini ikaanguka sana. Waliokuwa wameweka akiba ghalani wakingoja bei nzuri walipata hasara. Kwa hiyo sitawaambia kwamba bidii peke yake yatosha. Leo natafuta vizuizi ambavyo sisi wenyewe twaweza kuviondoa.

Kizuizi cha kwanza ni kuondoka bila ujuzi. Wakati wa ukoloni, vijana wengi wa Ufipa waliondoka kutafuta fedha za kodi. Walikwenda mbali, mashamba ya mkonge ya Tanga, na machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya. Siku hizi kodi ya kichwa haipo, na barabara ya lami yatufikisha Tunduma. Kijana apanda basi tu. Kwenda mjini si kosa. Lakini aendaye bila ujuzi huuza nguvu za mwili, na nguvu za mwili bei yake ni ndogo, tena zina mwisho. Kabla ya kupanda basi, kijana ajiulize: “Nakwenda kuuza nini?”

Kizuizi cha pili ni kuuza mahindi yangali shambani. Hapa tutafanya hesabu. Chukueni kalamu na madaftari. Bei nitakazotaja ni za mfano tu.

Tuseme kijana ana shida ya fedha mwezi wa Februari. Mtoto ni mgonjwa, na ghala ni tupu. Akaja mtu akamwambia, “Ndugu yangu, nitakupa shilingi 30,000 kwa kila gunia, utanipa mahindi ukivuna.” Kijana akauza magunia 2, akapata shilingi 60,000. Mwezi wa Juni gunia la kilo 100 lauzwa shilingi 50,000. Magunia yale 2 yangempa shilingi 100,000. Amepoteza ngapi?

(Mwalimu asimame hapa kidogo, wanafunzi waandike jibu.)

Amepoteza shilingi 40,000. Sasa tuendelee. Baada ya kulipa deni, kijana huyo amebakiwa na kilo 1,200 za mahindi. Mnunuzi hana mizani. Ana gunia na debe, naye ashindilia na kushona juu mpaka gunia lina kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Kila gunia limeingia kilo 120, lakini alipa shilingi 50,000 zile zile, kama kwamba ni kilo 100. Yakatoka magunia 10. Kijana akapata shilingi 500,000. Kama angepima, kilo 1,200 ni magunia mangapi ya kilo 100? Angepata shilingi ngapi?

(Mwalimu asimame tena.)

Ni magunia 12, nayo ni shilingi 600,000. Amepoteza shilingi 100,000. Tukijumlisha na zile 40,000, hasara ni shilingi 140,000. Hakuibiwa usiku. Amepoteza mchana, tena akashukuru. Fedha hizo zingemsaidia kununua mbegu na mbolea ya msimu mwingine, au vifaa vya kujifunzia ushonaji au useremala.

Ndugu zangu, gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hiyo ni sheria, na Wakala wa Vipimo ndio wanaoisimamia. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu asiyeweza kusoma namba kwenye mizani. Hapo ndipo darasa hili na shamba lako hukutana.

“Sawa, Bwana Afisa,” mtasema, “lakini mtoto akiugua Februari tufanyeje?” Swali hilo ni la haki. Mtu mwenye shida hawezi kuambiwa angoje Juni. Dawa yake ni kujiandaa mapema, tena kwa pamoja. Vijana wakiweka akiba katika kikundi kila juma tangu mavuno, mwenye shida atakopa kwa wenzake. Iko pia mikopo ya halmashauri. Kwa sheria ya mwaka 2018, halmashauri hutenga sehemu 10 katika kila 100 za mapato yake ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Lakini kikundi hakina budi kuandikishwa, kuwa na katiba, na kutunza daftari la fedha. Ni nani atakayeliandika daftari hilo, kama wote hawajui?

Kizuizi cha tatu ni aibu. Kijana wa miaka 25 aona haya kukaa darasani na kusoma herufi. Binti aliyeacha shule kwa sababu ya mimba adhani mlango umefungwa. Mlango haukufungwa. Tangu Novemba 2021 wasichana hao waruhusiwa kurudi shuleni, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo ya sekondari kwa walioacha njiani. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walibaki 39. Waliopunguza hesabu hiyo walikuwa mama wenye watoto mgongoni na wazee wenye mvi. Kama wao hawakuona haya, wewe waona haya ya nini?

Wazee wetu wa Ufipa walijua kulima kwa intumba. Mvua zikikaribia kwisha, walikata majani na kuyafunika kwa udongo, yakawa vilima vidogo vidogo. Majani yakaoza humo ndani. Msimu uliofuata walivivunja vilima, wakatawanya udongo wenye rutuba, wakapanda ulezi. Mpita njia angeona majani tu yaliyofukiwa. Mkulima alijua anatengeneza chakula cha mwaka ujao. Na jioni hizi mnazokaa hapa na kalamu ni hivyo hivyo.

Sasa jadilianeni maswali haya:

1. Katika kijiji chetu, vijana huuza mahindi yangali shambani kwa shida zipi?
2. Mizani iliyo karibu nasi iko wapi? Ni ya nani?
3. Je, twaweza kuanza kikundi cha akiba kabla ya mavuno yajayo? Nani atatunza daftari?
4. Nani katika jirani zetu ameacha kusoma kwa aibu? Nani atakwenda kumwita?

Maneno ya kusoma na kuandika: mizani, lumbesa, hasara, akiba, riba, katiba.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja apime kitu kimoja cha nyumbani kwake, aandike uzito wake daftarini. Kwaherini, ndugu zangu.