Mche Katika Makumbi ya Nazi: Je, Kila Kilichoruhusiwa na Sheria ya Nchi ni Halali Kwetu?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wa Jumuiya yetu nchini Kanada)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, ambaye huipasua mbegu ardhini na kuiotesha kwa idhini Yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.



Ama baad. Mada yetu ya leo imetokana na swali la kijana mmoja wa hapa hapa msikitini. Baada ya Sala ya Isha alitufuata, akatoa simu yake na kutuonyesha picha ya mche mdogo wenye majani mawili, umesimama katika kopo lililojaa unga wa makumbi ya nazi. Akasema: "Maalim, huu ni mche wa bangi. Mimi sivuti. Serikali imeturuhusu mimea minne kwa kila nyumba. Je, kuna kosa gani?"

Ndugu zetu, swali hili ni zito kuliko wengi wetu tulivyodhani, na wanaojiuliza ni wengi kuliko wanaothubutu kutuuliza.

Sheria ya nchi imesema nini?

Ni kweli kwamba tangu tarehe 17 Oktoba 2018 sheria ya Kanada inamruhusu mtu mzima kupanda bangi nyumbani kwa matumizi yake, isizidi mimea minne kwa nyumba nzima. Hata hivyo, jimbo la Quebec lilikataza upandaji huo, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba jimbo hilo lilikuwa na haki ya kukataza. Ujerumani nayo, tangu tarehe 1 Aprili 2024, inamruhusu mtu mzima mimea mitatu. Lakini Kenya na Tanzania, tulikotoka wengi wetu, kupanda bangi bado ni jinai yenye adhabu kali.

Tazameni basi: mche ule ule, katika kopo lile lile, unaruhusiwa jimbo moja na kukatazwa jimbo la jirani. Sheria za wanadamu hubadilika kwa mipaka na kwa kura. Nasi tunaziheshimu sheria za nchi tunamoishi, wala hatumruhusu yeyote kuzivunja. Ila ruhusa ya serikali maana yake ni kwamba polisi hatakukamata. Haina maana kwamba Mola wako hatakuuliza. Pombe pia inauzwa madukani kwa idhini ya serikali, na hakuna Muislamu aliyesema kwa sababu hiyo kwamba imekuwa halali.

Hukumu ya dini yetu

Katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa ulevi ni uchafu katika kazi za Shetani, na kwamba Shetani anataka kwa njia hiyo kututia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia tusimkumbuke Mola wetu wala tusisali. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Ibn Umar, ameeleza kuwa kila kinacholevya ni pombe, na kila pombe ni haramu. Na Sayyidna Umar (R.A.) alibainisha juu ya mimbari kwamba pombe ni kile kinachoifunika akili. Hapakutajwa kuwa ni lazima kiwe cha kunywa.

Wapo wanaosema kuwa bangi haikutajwa katika Qur'ani. Jibu letu ni kwamba maulamaa walilikabili jambo hili zamani sana. Hashishi ilipoenea katika miji ya Waislamu, Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alitoa fatwa ya kuiharamisha. Az-Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wake.

"Mimi sivuti, napanda tu"

Hapa ndipo kijana wetu alipoegemea. Lakini hebu tuizingatie hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi, inayowataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe. Mnywaji ni mmoja tu kati ya kumi hao. Wengine ni mkamuaji, mbebaji, muuzaji, mla thamani yake na wenzao. Mwenye kuiandaa hakuachwa nje eti kwa kuwa hakuitia kinywani. Na katika Suratul Maida, aya ya pili, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na uchamungu, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui.

Atasema mwingine: mbona mzabibu haukukatazwa, na zabibu ndizo zinazokamuliwa pombe? Hoja hii ina maana, nasi hatuidharau. Mzabibu una tunda linaloliwa, ndiyo maana ukaachwa. Pamoja na hayo, maulamaa wengi walikataza kumuuzia zabibu mtu anayejulikana kuwa atazikamua pombe. Ama mche ule wa kopo, mbegu yake ilichaguliwa kwa ajili ya kulevya. Hautazamiwi matunda wala nyuzi za kamba. Mkulima hupanda kwa nia ya mavuno, na mavuno ya mche ule yanajulikana.

Ama dawa, hilo ni jambo jingine. Mgonjwa aliyeandikiwa na daktari kwa dharura, kama vile baadhi ya wenye kifafa kikali wanaopewa dawa iliyotokana na mmea huu, huyo hatumnyooshei kidole. Lakini dharura ina mipaka yake, na afya njema haiwezi kuitwa maradhi.

Tulipokosea sisi

Ndugu zetu, hatuna budi kukiri mbele yenu. Usiku ule hatukumjibu kijana yule kwa maelezo haya. Tulimjibu kwa ukali mbele ya watu, naye akaondoka, na kwa majuma matatu hatukumuona msikitini. Hukumu tuliyompa ilikuwa ya haki, lakini namna tuliyompa haikuwa ya Mtume (S.A.W.). Tulipokwenda nyumbani kwao kumtaka radhi, mama yake alitupokea akilia. Kijana alikuwa amekwisha kuung'oa mche ule siku ya pili yake. Alituambia: "Maalim, jibu nililikubali. Kilichonishinda ni kurudi." Tungeweza kumpoteza mtu aliyekuja kutafuta haki. Enyi wazee wenzetu, kijana anapokuuliza, tayari ameufungua mlango; msimfungie ninyi.

Kopo limebaki, tupande nini?

Kopo lile lilikuwa bado dirishani, na makumbi yake ndani. Makumbi hayo si mageni kwetu. Bibi zetu wa Unguja na Pemba huyafukia ufukweni miezi kadhaa, kisha huyaponda wapate usumba wa kusokotea kamba. Unga unaobaki ndio ambao leo India na Sri Lanka huushindilia kama tofali na kuuza duniani kote, kwa kuwa hushika maji mengi na bado huacha nafasi ya hewa kwenye mizizi.

Basi vijana, utumieni kwa halali. Mwishoni mwa Machi, loweka tofali katika maji ya vuguvugu mpaka livimbe. Suuza vizuri, kwani makumbi mara nyingi huwa na chumvi inayodhuru miche. Kamua maji, jaza kopo lenye matundu chini, tia mbegu ya nyanya kina cha nusu sentimita hivi, na uweke mahali penye joto. Itaota baada ya siku tano hadi kumi. Kumbukeni kuwa makumbi yana chakula kidogo sana cha mmea. Majani ya kweli yakitokea, mpe mche mbolea hafifu yenye madini ya chokaa. Hapa Toronto, baridi kali ikiisha mwezi wa Mei, mhamishie nje. Msikiti umetenga sehemu ya ua wake kwa ajili ya miche yenu, na kijana wetu huyo amekubali kuisimamia.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa Muislamu akipanda mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Na imepokewa kwake kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Dini inayoutukuza mche kiasi hiki haiwezi kutojali ni mche wa nini.

Katika Suratul Waqia Mola wetu anatuuliza kuhusu tunachokipanda: je, ni sisi tunaokiotesha, au ni Yeye? Kila anayemwagilia kopo lake asubuhi na ajiulize swali hilo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi akili za vijana wetu, ailainishe mioyo yetu sisi wazee, na aijaalie mikono yetu ipande kile tutakachofurahi kukivuna mbele Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.