Mbege Nayo ni Zao la Kihamba

Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama wa tawi, mlimani Kilimanjaro



Tumeombwa tuseme machache juu ya mazao ya kihamba, na bila shaka wengi mlidhani tutasema juu ya kahawa. Hapana. Kahawa ina wasemaji wake tangu zamani. Mwaka 1925 wakulima wa mlima huu walianzisha chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kahawa ina mizani, ina karani, ina mkutano wake mkuu. Lakini mgomba unaoitilia kahawa hiyo kivuli, na mbege itokayo katika mgomba, havina hata daftari moja.

Nasi tunaosema nanyi tuna deni. Tulipokwenda chuo cha ualimu, ada yetu haikutoka katika kahawa, maana mwaka ule fedha za kahawa zilichelewa. Ilitoka katika mtungi wa mama. Hata hivyo, chuoni tulipoulizwa kazi ya wazazi wetu, tulijibu, "Wakulima wa kahawa." Tuliona haya kuitaja mbege. Leo twaona haya kwa jibu lile.

Wanaume wengi hapa twaijua mbege kuanzia kwenye kata tu. Basi hebu tuitazame kazi yenyewe. Mama hukata mikungu akaivundika mpaka ndizi ziive. Huzimenya, akazipika kwa kuni nyingi mpaka zigeuke rangi ziwe nyekundu nyekundu, kisha huziacha zichachuke siku kadhaa. Wakati huo huo ameloweka ulezi, ameuotesha, ameuanika, ameupeleka kusagwa. Kimea hicho hupikwa uji, ukisha poa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, pamoja na gome la msesewa ili kupata uchungu wake. Zimekwisha pita siku nyingi, na kinywaji chenyewe hukaa kizuri siku moja au mbili tu. Baada ya hapo ni siki.

Hapo ndipo penye hasara. Mwezi uliopita, katika kitongoji kimoja, akina mama watatu walipika kwa siku moja bila kuambizana. Siku hiyo kukawa na msiba ng'ambo ya mto, watu wote wakaenda huko. Jioni bei ilishuka nusu. Mmoja wao alimwaga iliyobaki chini ya mgomba, naye ulezi alikuwa ameukopa.

Ulezi huo ndio tuutazame sana. Ndizi ni zetu, kuni ni zetu, maji ni yetu. Ulezi siku hizi wengi wetu hatuulimi. Huletwa na magari kutoka mikoa mingine, na mama huununua kibaba kibaba dukani kwa bei ya mwenye duka. Jioni moja tulikaa na mama yetu tukaandika kila kitu: ulezi, kusaga, kuni za kuongezea. Alipoiona jumla alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe mwanangu, miaka yote hii nilikuwa namfanyia kazi mwenye duka!"

Twamsikia mzee mmoja akinong'ona hapo nyuma kwamba tumekuja kufundisha ulevi. La, mzee wetu. Mlevi hahitaji daftari letu, atalewa hata bila hilo. Sisi twasema habari za sare za shule na dawa za watoto. Na mume ye yote anayekunywa mtungi wa mkewe bila kulipa, huyo naye twamhesabu katika hasara.

Twaomba mambo mawili. Kwanza zamu: kila mama awe na siku yake, isigongane na ya jirani. Pili, tuchange sasa ili ulezi ukivunwa tununue magunia kwa pamoja, tuugawe kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Wazee wetu waliweza kuyafanya haya kwa kahawa, wakati wengi wao hawakujua kusoma.

Daftari liko hapa mezani, kurasa bado tupu. Mama yetu amekwisha chagua Jumatano. Anayefuata na aje ataje siku yake.